Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Hospitali: Tunaomba Orodha Moja ya Vitanda

Ndugu Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni ofisa katika kitengo chako cha miadi na kulaza wagonjwa. Suala hili nimeliandikia madokezo, nikayapitisha kwa mkuu wangu wa kitengo kama utaratibu unavyotaka, na jibu limekuwa lile lile kila mara: linashughulikiwa. Sasa naandika hadharani, kwa sababu lililotokea wiki iliyopita limenishinda kulimeza.

Mama mmoja mtu mzima aliletwa na binti yake alazwe, afanyiwe upasuaji wa nyonga siku hiyo hiyo. Tarehe ile niliipanga mimi, na siku moja kabla nilimpigia simu kumthibitishia. Alifika alfajiri, hajatia kitu kinywani tangu jioni ya jana yake. Saa tatu nikauliza wodini, nikaambiwa kuna mgonjwa anaruhusiwa, kitanda kitapatikana muda si mrefu. Saa sita nikauliza tena, jibu likawa hilo hilo. Saa tisa alasiri chumba cha upasuaji kikamfuta kwenye orodha ya siku, na kazi ya kumweleza ikawa yangu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama sasa anaweza kunywa maji.

Ndugu Mkurugenzi, wewe ni daktari, unajua kuliko mimi kwamba miongozo ya dawa ya usingizi inamtaka mgonjwa aache chakula saa 6 kabla ya upasuaji, lakini maji matupu anaweza kunywa hadi zibaki saa 2. Yule mama alikaa na kiu mchana kutwa kwa sababu hakuna aliyejua ataingia upasuaji saa ngapi, na asiyejua saa hathubutu kuruhusu hata tone. Kisha jioni ile ile, kwenye wodi ile ile, alilazwa mtu ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha yangu na hakuwa wa dharura. Nani alimpeleka, sijui. Nahisi ilipigwa simu kutoka juu, kama ambavyo simu hupigwa, na muuguzi wa zamu hakuwa na ubavu wa kukataa.

Nikukumbushe ulichotuahidi kwenye kikao cha wafanyakazi. Ulisimama mbele yetu ukasema kila wodi itatoa taarifa ya vitanda kabla ya saa nne asubuhi, na kwamba hakuna atakayelazwa bila kupitia dawati letu. Tulipiga makofi. Mimi niliyaandika maneno yako kwenye daftari langu la kazi, na daftari hilo ninalo mpaka leo.

Watu wanadhani hospitali imejaa wagonjwa. Imejaa kweli, lakini sehemu ya wanaolala pale walishaambiwa waende nyumbani. Daktari anampitia mgonjwa asubuhi na kumwambia ameruhusiwa. Hapo hapo daktari anaondoka kwenda kliniki, na fomu ya kuruhusu haijaandikwa. Fomu ikiandikwa mchana, dawa za kwenda nazo hazijatoka famasi. Dawa zikitoka, hesabu haijafungwa kwenye dirisha la malipo. Hesabu ikifungwa, ndugu wa kumchukua wameshachoka kusubiri wakaondoka. Ndipo kitanda kisafishwe, kitandikwe, na mimi niambiwe kipo, wakati niliyemwandalia amesharudi kwao. Zaidi ya miaka 20 iliyopita watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba hospitali ikijaza wastani wa zaidi ya asilimia 85 ya vitanda vyake, siku za kukosa nafasi zinaanza kuonekana wazi. Sisi tunaendesha kazi bila hata kujua asilimia yetu, kwa sababu kila wodi ina daftari lake na kila daftari lina siri zake.

Kwenye kliniki nako ni vivyo hivyo. Wagonjwa wote wa daktari bingwa mmoja wanaandikiwa saa mbili asubuhi, wa kwanza na wa mwisho. Mwaka 1952 mtaalamu wa takwimu aitwaye Norman Bailey alichapisha utafiti juu ya foleni za wagonjwa wa nje, akashauri wapangiwe kwa kupishana, kwa kadiri ya muda ambao daktari humhudumia mtu mmoja. Hilo halihitaji mashine wala fedha. Niliwahi kuwapangia hivyo, nikaamriwa nirudishe wote saa mbili, eti daktari asije akakaa bure. Mgonjwa mwenye kisukari aketi kwenye benchi mpaka alasiri, ilimradi daktari asisubiri dakika kumi! Inaniuma kila ninapoandika saa ile kwenye kadi.

Na anayetukanwa ni nani? Ni sisi wa dirishani. Hawa ndugu hawakujui wewe, wala hawamjui aliyepiga simu. Wananijua mimi, kwa sura na kwa namba ya simu. Nimerushiwa faili. Nimeitwa mla rushwa mbele ya wanangu, njiani, na mtu ambaye baba yake alikosa kitanda nilichokuwa nimemwekea kwa mkono wangu. Wenzangu wawili wameomba kuhamishwa, na siwalaumu.

Nilikuwa na mengi ya kuomba: watumishi, kompyuta, mtu wa kutuma ujumbe wa kuwakumbusha wagonjwa miadi yao. Yote nayaacha. Naomba moja tu. Orodha ya vitanda iwe moja, ikae kwenye dawati la kulaza, na kila wodi iijaze kabla ya saa nne kama ulivyoahidi. Atakayeruka foleni aruke kwa dharura, na daktari aandike sababu na kutia saini. Simu isiwe saini, hata ikiwa yako.

Yule mama nimempangia tarehe nyingine, Jumanne ijayo. Naomba waraka wako uwe umefika wodini kabla ya siku hiyo.

Wako mtiifu,
Ofisa wa Miadi na Kulaza Wagonjwa