Moshi wa chetezo si tiba ya pumu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua kila nisikiapo dawa za asili za kifua na mafua ya mzio zikinadiwa redioni na kwenye vituo vya mabasi. Sisi watu wa Pwani tuna neno moja, kufukiza, kwa mambo mawili yasiyofanana: kumfunika mgonjwa shuka juu ya nyungu ya majani ya mkaratusi, mchaichai na mivumbasi, na kumsogezea chetezo cha makaa yaliyotiwa ubani na habasoda ili avute moshi wake.

Mvuke wa nyungu hulegeza kamasi na kufungua pua kwa muda, ingawa hauondoi mzio wenyewe, na mtoto hapaswi kukaribia maji yanayochemka. Moshi, uwe wa ubani au wa kuni, huchokoza njia za hewa ambazo kwa mwenye pumu zimekwisha kuvimba. Mwanangu wa miaka 7 alifukizwa ubani usiku na bibi yake, kwa mapenzi tu, na kabla ya alfajiri tulikuwa hospitalini akivutishwa dawa kwa mashine. Simlaumu mama mkwe wangu, kwani ndivyo alivyorithishwa na hakuna aliyewahi kumweleza vinginevyo.

Wala sisemi kwamba wazee wetu hawakujua kitu. Majani makavu ya mnanaha, waliyokuwa wakiyavuta kama tumbaku kifua kikibana, yana atropini, kemikali ambayo kweli hutanua njia za hewa, na ipratropiamu, dawa ya kuvuta inayotumika hospitalini, ilitengenezwa kutokana nayo. Lakini mnanaha ni sumu, kiasi chake hutofautiana mmea kwa mmea, na aliyezidisha huweweseka huku moyo ukimwenda mbio.

Kwa hiyo naliomba Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2002, lihakikishe kwamba kila dawa ya kifua inayouzwa inaandikwa jina la mmea, kipimo, na kama ni ya kunywa, ya mvuke au ya moshi, na kwamba wauzaji wanaowaambia wagonjwa watupe pampu walizopewa na daktari, kwa madai kuwa zinakizoesha kifua kuzitegemea, wanazuiwa kutangaza.

Mzazi wa mtoto mwenye pumu,
Tanga