Kwa binti yangu aliyekwama kwenye majina ya dawa

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hatujambo, na bibi yako presha yake imetulia. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema unakariri majina ya dawa usiku kucha, kukicha yote yamepotea, na kwamba wenzako waliosoma shule za Kiingereza wanakuacha mbali. Hilo la Kiingereza liondoe kichwani leo hii. Maneno ya kitabibu mengi yametoka Kigiriki na Kilatini, na mwanafunzi wa London naye huyakuta chuoni akiwa mgeni kama wewe. Nimepokea wanafunzi wengi pale wodi ya wazazi, na waliokuja kuwa hodari hawakuwa lazima wale waliozungumza Kiingereza kwa madaha. Walikuwa wale waliokuwa wakiuliza kila neno linamfanya nini mgonjwa.

Acha kukariri orodha. Jina la dawa lina ukoo, na mara nyingi ukoo huonekana mwishoni mwa jina. Tangu mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa orodha za majina ya kimataifa ya dawa, na majina hayo hutungwa makusudi ili dawa zinazofanya kazi kwa namna moja zishirikiane kipande cha jina. Propranololi, atenololi, bisoprololi: zote huzuia adrenalini isiuendeshe moyo mbio. Kaptoprili, enalaprili, lisinoprili: hizi huzuia kimeng'enya kinachotengeneza kemikali ya kubana mishipa. Amlodipini na nifedipini huzuia kalsiamu isiingie kwenye misuli ya mishipa, nayo mishipa ikalegea.

Ukiujua ukoo, umejua pia maudhi yake na nani asipewe. Bibi yako anatumia amlodipini. Ndiyo sababu miguu ilimvimba alipoanza. Mtu wa presha akija na kikohozi kikavu kisichoisha, pamoja na kumpima kifua, angalia kama hakuandikiwa dawa ya ukoo wa -prili. Mwenye pumu usimkimbilize kwenye ukoo wa -loli, maana dawa hizo zinaweza kumbana njia za hewa. Na hili naomba uliandike kwa wino mwekundu, kwa sababu ni la wodi yangu: mama mjamzito hapewi -prili. Zinaharibu figo za mtoto tumboni. Mwanafunzi aliyekariri "enalaprili ni ya presha" akaishia hapo, huyo namwogopa kuliko asiyejua kitu, kwa sababu asiyejua atauliza.

Ila uwe mwangalifu, kipande cha mwisho kikiwa kifupi mno kinadanganya. Utasikia wenzako wakisema "zile za -azoli". Zipi? Flukonazoli inaua fangasi, metronidazoli inaua amiba na bakteria wasiohitaji hewa, albendazoli inaua minyoo, omeprazoli inapunguza asidi tumboni. Soma kipande kizima: -konazoli, -nidazoli, -bendazoli, -prazoli. Mwanzo wa jina nao una mitego yake. Klorpromazini ni ya wagonjwa wa akili. Klorpropamidi ni dawa ya zamani ya kisukari, inashusha sukari. Ukimpa ya pili mtu aliyeandikiwa ya kwanza, anaweza kuzimia sukari ikiwa imeisha mwilini, na kila mtu akadhani kalala kwa dawa.

Majina ya magonjwa yatakusumbua kidogo tu, kwa hiyo sitakaa hapo. -itisi ni uvimbe unaowaka: apendisitisi, meninjitisi, hepatitisi. -ektomi ni kukata na kuondoa. -emia ni habari za damu. Ukiwa na vipande thelathini hivi, utafungua mamia ya maneno bila kuyakariri. Lakini vipande vya mwanzo "haipo-" na "haipa-" uvitamke kwa nguvu mpaka ulimi uzoee. Haipoglisemia ni sukari kushuka, haipaglisemia ni sukari kupanda. Herufi moja. Mgonjwa wa kisukari ameletwa hajitambui, mmoja anasema haipo, mwingine anasikia haipa, na anayehitaji glukosi anachomwa insulini. Ndiyo maana tulikuwa tukisema pamoja na namba: "haipoglisemia, sukari mbili nukta moja". Jifunze hivyo tangu sasa, neno na namba yake.

Na hapo kwenye namba ndipo nataka ukae sana, kwa sababu walimu wengi huwaachia wanafunzi wafike nayo wodini wenyewe. Chukua magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba. Kwenye chupa imeandikwa asilimia 50. Wanafunzi huisoma kama pambo. Maana yake ni gramu 50 katika mililita 100, yaani nusu gramu katika kila mililita. Dozi ya kuanzia kwenye mshipa ni gramu 4. Basi vuta mililita 8, ongeza mililita 12 za maji ya sindano, upate mililita 20 za asilimia 20, umchome taratibu. Mama anatupa mikono na miguu, ndugu wanalia mlangoni, na wewe unatakiwa uwe umeshaelewa neno "asilimia" kabla ya siku hiyo. Kisha kabla ya kila dozi inayofuata hakikisha goti linaruka ukiligonga, anapumua angalau mara 16 kwa dakika, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti iwe karibu na mkono wako, maana ndiyo inayozuia sumu ya magnesiamu. Kitabuni haya yameandikwa sura tofauti: hesabu huku, sumu kule, mimba kwingine. Kwa mgonjwa yote ni dakika moja.

Vifupisho navyo usivitumie kwa haraka za kujionyesha. Andika "uniti" kwa ukamilifu, kwa sababu herufi U iliyoandikwa baada ya 10 imesomwa kuwa sifuri mahali pengi duniani, insulini 10 ikawa 100. Andika "mikrogramu" pia. Misoprostoli yetu ilikuja vidonge vya mikrogramu 200, na kati ya mikrogramu na miligramu kuna mara 1,000. Usiandike 1.0 pale penye 1. Nukta ikififia inakuwa 10.

Kuna upande mwingine ambao mtihani hautakuuliza. Mgonjwa akisema amemeza Panadol, ujue ametaja jina la biashara, na dawa ya mafua aliyonunua duka la dawa inaweza kuwa na parasetamoli ileile ndani yake kwa jina jingine. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, la sivyo ini linaumia kimyakimya. Kwa hiyo usimwulize tu "umetumia dawa gani?" Mwambie atoe pakiti, usome maandishi madogo wewe mwenyewe.

Na ukimpa dawa, zungumza naye Kiswahili cha nyumbani. Tunaandika 1x3 kwenye kibahasha, tunasema "kimoja kutwa mara tatu", basi anakwenda kumeza asubuhi, mchana na jioni kabla jua halijazama, na usiku mzima dawa imekwisha mwilini. Mwambie saa: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Anayeanza rifampisini mwambie mapema kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, asije akaacha dawa za kifua kikuu kwa hofu. Mama anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango pamoja na rifampisini aambiwe kwamba vinapungua nguvu, atafutiwe njia nyingine. Mimi hupima ujuzi wa mtu hapo: je, mama wa kijijini ametoka dirishani akielewa?

Nimekutumia hela ya daftari kubwa. Kila ukoo upewe ukurasa wake, na kila ukurasa uwe na mgonjwa uliyemwona kwa macho yako, bila jina lake.

Jumapili nitapiga. Uwe na jibu la hili: mjamzito wa wiki 30, presha 170 kwa 110, ana pumu tangu utotoni. Mezani kuna labetaloli, enalaprili na nifedipini ya vidonge. Unachukua ipi, na zile mbili unaziacha kwa sababu gani?

Mama yako