Masika haijafika, tazameni makalvati

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi niseme juu ya mafuriko, ingawa itanibidi nianzie mbali, kwenye barafu.

Mtoto wa dada yangu anaishi Kanada. Juzi kanipigia simu, katika mazungumzo akasema wanaomba mwaka huu mto uvunjike kwa salama. Nikamuuliza, mto unavunjikaje, kwani sahani? Akacheka sana. Kumbe mito yao baridi ikizidi huganda juu, watu wakapita kwa miguu. Joto likirudi, barafu hukatika mapande, mengine mapana kama sakafu ya chumba, yakachukuliwa na maji. Yakifika penye kona au chini ya daraja hukwama, yanayofuata yakayapanda yaliyotangulia, mto ukazibwa. Maji ya nyuma hayana pa kwenda ila kwenye nyumba za watu, na pengine mvua haijanyesha hata tone. Balaa zaidi ni mito inayoelekea kaskazini, maana inakotoka kumeshayeyuka na inakokwenda bado kumeganda. Huko kwao, Fort McMurray, mwishoni mwa Aprili 2020 mto Athabasca uliziba kiasi cha kilomita 25, watu wapatao 13,000 wakahama. Na Marekani, mji wa Montpelier, asubuhi ya tarehe 11 Machi 1992 barafu ilikwama darajani. Haikutimia saa nzima, maji yakawa madukani.

Sisi barafu yetu ni ya kutia kwenye juisi ya ukwaju. Lakini simu ilipokatika nilivaa makubadhi nikaenda kulitazama kalvati la mtaani kwetu, hapa Ng'ambo. Mdomoni mwake mna godoro lililokunjamana, vifuu vya madafu, chupa za plastiki zimebanana kana kwamba zimepangwa kwa mkono, na kuti zima limekingama. Mifuko ya plastiki, tuliyoipiga marufuku tangu 2006, kabla ya wenzetu wa Bara, nimeihesabu saba. Nikasema, hili basi ndilo pande letu la barafu. La kwao jua likiwaka huyeyuka.

Kila masika lawama ni za mvua. Mwaka jana maji yaliniingia ndani usiku, nikawapandisha wajukuu juu ya meza, na mvua yenyewe wallahi haikuwa kubwa. Nimeona kubwa kuliko ile tangu utotoni, na maji yakenda zake. Vijana wa jirani walishuka mtaroni na ndoano ya kuangulia maembe, wakavuta godoro moja tu. Maji yalishuka kwa mvumo, kama karo iliyozibuliwa, na sakafu yangu ikabaki na tope na kambare mmoja.

Warusi wa mto Lena hawangoji yawafike hayo. Majira hayajageuka, wao wameshaingia na misumeno kuikata barafu, na nyengine huinyunyizia unga mweusi ivute jua iyeyuke mapema. Huanzia pale wanapojua hukwama. Na sisi twapajua petu. Mkamate mtoto yeyote wa skuli umuulize wapi huvua viatu mvua ikinyesha, atakutajia moja baada ya moja.

Basi ombi langu ni kuwa mitaro izibuliwe Februari, si Aprili maji yakishafika magotini. Na kinachotolewa kiondoshwe. Mwaka jana waliokabidhiwa kazi hiyo walikuja katikati ya masika, wakachota tope kwa bidii kweli (sitawadhulumu), wakalirundika ukingoni wangoje gari. Gari haikuja. Mvua ya siku ya pili ikalirejesha mtaroni nusu yake. Nusu iliyobaki ipo pale pale hadi leo naandika, imeota mchicha, na kuku wangu ndiko wanakoshinda wakichakura.

Mkaazi wa Ng'ambo,
Unguja