Banda Lisilo na Bidhaa

Barcelona, Hispania

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote hapo Gungu hamjambo. Mimi ni mzima, kazi inaendelea.

Juzi nilipanda kilima cha Montjuïc kuona nyumba ambayo ningependa sana uione wewe. Mwaka 1929 palifanyika hapa maonyesho ya kimataifa, na banda la Ujerumani alipewa msanifu majengo Mies van der Rohe, akishirikiana na mbunifu mwenzake Lilly Reich. Mabanda ya Nane Nane kule Tabora unayajua: mahindi, asali, spika zinapiga kelele. Hili halikuwekwa bidhaa hata moja. Kuta, maji, na viti walivyobuni wenyewe ili Mfalme Alfonso XIII apate pa kukaa, basi. Nchi iliyoshindwa vita mwaka 1918 ilitaka ionekane mpya, ya amani, ikaiachia nyumba iseme.

Sasa mambo ya kifundi. Kuta hazibebi paa, Baba! Paa limekaa juu ya nguzo nane za chuma, nyembamba, ukizikata utaona umbo la msalaba. Ndani kuna ukuta wa jiwe la onikisi, rangi ya asali, wa milima ya Atlas. Jiwe limepasuliwa likafunguliwa kama kitabu, michirizi ya upande huu inatazamana na ya upande ule. Inasimuliwa kwamba Mies alilikuta bonge la onikisi kwa muuza mawe, akalipima, kisha akaamua nyumba iwe na kimo mara mbili ya jiwe. Na wewe ulivyokuwa unatugombeza tukikata tofali ovyo!

Nikaikumbuka stesheni yetu. Reli ya Wajerumani ilifika Kigoma 1914, na kuta zile unazijua unene wake. Miaka 15 tu baadaye wanajenga nyumba ambayo hata mlango unautafuta.

Ila hii ya leo si yenyewe. Ya kwanza ilibomolewa 1930, hii ikajengwa upya palepale kati ya 1983 na 1986. Mafundi wamejitahidi, sikatai, lakini meli yetu ya ziwani, Liemba, Wajerumani waliizamisha 1916, Waingereza wakaiopoa 1924, na meli ni ileile. Hapo tumewapita.

Hela ya saruji ya ukuta wa uani nimemtumia dada kwenye simu. Linta isubiri mvua zikatike, na jukwaani apande kijana, si wewe. Mama naye asikubali ukimbembeleza.

Mwanao akupendaye