Uwindaji wa Afognak upangwe kuanzia kwenye mzigo

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu vijana wa Kampala wanaojipanga kwenda Alaska kuwinda elki, yaani kulungu wakubwa wa huko, katika kisiwa cha Afognak, nami naomba nafasi niseme yangu. Mwandishi amesifu bunduki, darubini na pembe. Mvua ameipa sentensi moja tu. Nyama itatokaje porini, hilo hakuligusa kabisa, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Mimi nimebeba mizigo Rwenzori tangu kabla milima yetu haijafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na baadaye nikawa kiongozi wa wapagazi. Alaska sijafika. Lakini mpwa wangu anaishi Anchorage na ameshawinda Afognak, na safari ile tuliipanga pamoja kwa simu, yeye kafungua ramani mezani, mimi huku Ibanda namuuliza maswali hadi usiku wa manane. Aliponiambia matope, mawingu yanayokaa juu ya miti wiki nzima, na baridi iliyochanganyika na maji, nilijua anasema mambo ninayoyafahamu.

Kisiwa chenyewe kiko kaskazini ya kisiwa cha Kodiak, kina ukubwa wa kilomita za mraba kama 1,800. Kijiji cha zamani cha Afognak kilibomolewa na tsunami ya mwaka 1964, wakazi wakahamia Port Lions. Elki si wa asili pale: mwaka 1929 walipelekwa ndama wanane kutoka rasi ya Olympic, jimbo la Washington, na kundi lote la leo limetoka kwa hao. Ni elki wa Roosevelt, na dume mkubwa hupita kilo 500.

Sasa tupige hesabu ambayo makala haikuipiga. Dume wa kilo 500, ukiondoa ngozi, matumbo na mifupa, anakuachia nyama kama kilo 180. Mtu mwenye nguvu, porini pasipo njia, abebe kilo 30. Hiyo ni mizigo sita. Mkiwa wawili kila mmoja ana mizigo mitatu, maana yake unavuka msitu mara tano, kwenda na kurudi. Kama mnyama ameangukia kilomita nne kutoka ziwa ambako ndege ya maji inatua, umetembea kilomita 20, na 12 kati ya hizo una kilo 30 mgongoni. Bado hujabeba hema wala bunduki. Kwetu Rwenzori, kutoka kibanda cha Nyabitaba hadi kibanda cha John Matte, wanapolala wapanda milima, ni kazi ya siku nzima, na pale njia ipo, imepita watu miaka na miaka, na kwenye bwawa la Bigo mbao zimetandikwa. Afognak hakuna aliyekutandikia kitu. Ni miti ya misprusi iliyosongamana, magogo yaliyoanguka na kuota kuvu, na kichaka cha miiba kinachokuchoma hata kupitia glavu. Wala nyama huwezi kuiacha: sheria ya Alaska inamhesabu mtu aliyetelekeza nyama inayolika kuwa mhalifu, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote.

Ndiyo maana nilimwambia mpwa wangu achore duara kwenye ramani, kilomita mbili kutoka kambini. Kilicho nje ya duara si chao. Wakiwa huko waliona dume mzuri ng'ambo ya mto, nje ya duara, amesimama wazi kabisa. Mwenzake alitaka. Mpwa wangu akakataa, wakamwacha akaenda zake. Baadaye walimpata jike ndani ya duara, na pamoja na hayo kumtoa kuliwachukua siku mbili, mvua haikukatika hata saa moja. Naona fahari kwa kijana yule kwa lile dume aliloliacha kuliko kwa nyama aliyoitoa.

Jambo la pili ni kulowa. Wasomaji wengi wanadhani Alaska inaua kwa theluji. Mtu aliyelowa kwenye nyuzi 5 na upepo anapoteza joto haraka kuliko aliye kwenye theluji kavu mwenye nguo kavu. Nimeona wageni wenye misuli, waliokuja na suruali za jinzi na fulana za pamba, wakianza kujikwaa mahali pasipo jiwe, maneno yakiwatoka kwa kukokota kama ya mlevi. Hapo mgeni namwambia jambo moja: gusisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono huohuo. Akishindwa, safari imesimama. Tunamvua zilizolowa, tunamvika sufu kavu, tunampa chai yenye sukari nyingi, na hakuna mjadala kuhusu ratiba. Na akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, msifurahi, hali imezidi kuwa mbaya. Kwa hiyo kila mmoja awe na seti moja ya nguo za sufu iliyofungwa kwenye mfuko usiopitisha maji, ya kulalia tu. Asubuhi unavaa tena zile zilizolowa. Ni adhabu, lakini ndivyo inavyofanyika.

Gambuti zilizotutosha Bigo zitawatosha na huko.

Kuhusu dubu nitakuwa mfupi, kwa sababu hapo makala ilisema vya kutosha, isipokuwa hili: dubu wa Kodiak hufuata harufu ya matumbo. Nyama ihamishwe mbali na matumbo saa ileile, iwekwe mahali unapoweza kuiona kutoka mbali kabla hujaifikia, au itundikwe juu ya mti. Kurudia mzigo wa pili gizani, huku umechoka, mnaingia mahali ambapo dubu ameshajimilikisha.

Kuna na sheria ambayo kijana wa Kampala lazima aijue kabla hajauza kiwanja chake. Raia wa kigeni asiyeishi Marekani haruhusiwi kuwinda mnyama yeyote mkubwa Alaska bila kiongozi mwenye leseni ya jimbo hilo. Hata kama una ndugu pale, undugu hautoshi. Vibali vingi vya elki wa Afognak hutolewa kwa bahati nasibu: maombi hupokelewa Novemba hadi katikati ya Desemba, majibu hutoka Februari. Tena sehemu kubwa ya ardhi ya kisiwa ni mali ya mashirika ya wenyeji wa asili, kwa hiyo kibali cha mnyama hakikupi ruhusa ya kukanyaga kila mahali. Atakayekuuzia safari Kampala bila kukutajia hayo matatu, mwulize kwanza, kisha ndipo mzungumze bei.

Mwisho ni siku. Makala ilitaja safari ya siku saba. Ndege ya maji haitui kwenye ukungu, na rubani mwenye akili hatabembelezwa. Mpwa wangu alipanga siku saba za kuwinda na akabeba chakula cha siku kumi na mbili, pamoja na simu ya setelaiti. Chakula cha ziada walikila chote, wamekaa ufukweni na nyama yao chini ya turubai, wakisikiliza mlio wa injini usiokuja.

Mhariri, kama sehemu ya pili ya makala hii inakuja, namwomba mwandishi ampigie rubani wa Kodiak kabla hajaandika neno, amwulize: unachukua kilo ngapi kwa safari moja, na mwezi Oktoba mwaka jana ulishindwa kuruka siku ngapi?

Mpagazi wa zamani,
Ibanda, Kasese