Magunia 15 ya chumvi kwa mbuzi wenye mimba wa Idjwi

Kwa wakristo wote wa parokia hapa Bukavu, na kwa ndugu zetu mlio mbali: kamati ya mifugo inaomba harambee ya chumvi kwa mbuzi wa Idjwi, kisiwa kilichomo Ziwa Kivu. Ndiyo, chumvi ile ile ya jikoni, iliyotiwa madini ya iodini.

Kitoto cha mbuzi kikizaliwa na uvimbe kooni, ngozi karibu haina manyoya, miguu imelegea hata hakiwezi kusimama kunyonya, watu huanza kutafuta mchawi, maana mama yake anaonekana mzima kabisa. Mara nyingi ni rovu. Tezi ya shingo hutengeneza homoni kwa iodini; ikiikosa, hutanuka. Mvua za milimani zimeiosha iodini ardhini, na majani ya Idjwi hayana ya kutosha. Rovu za watu wa Idjwi zilichunguzwa na madaktari tangu miaka ya 1960, na muhogo ukaonekana kuongeza shida: sumu yake mwilini hugeuka kitu kinachoizuia iodini kuingia kwenye tezi. Mbuzi anayeshindia majani mabichi ya muhogo na kabichi yumo humo humo.

Hesabu yetu ni hii. Gramu 10 kwa siku, siku 150 za mimba, ni kilo moja na nusu kwa kila jike. Majike ni 240, jumla kilo 360. Magunia 15 ya kilo 25 yanatosha, na kilo 15 zinabaki kwa ile itakayomwagika.

Tafadhali msinunue chumvi ya kupimiwa kopo, iliyoshinda juani sokoni Kadutu: iodini huisha kwa jua na unyevu. Kila gunia tutalipima kwa tone la dawa ya kuonyesha iodini. Chumvi ikigeuka buluu tunapokea, ikibaki nyeupe tunarudisha. Hapo hatuoneani haya.

Tunahitaji pia ndoo 30 zenye vifuniko, mianzi ya kupasua iwe vihori chini ya paa, na nauli ya boti. Kila familia itaanza na kijiko kidogo, maji yakiwa karibu, kwa sababu mbuzi aliyekaa na hamu ya chumvi akiikuta nyingi hujilisha hadi kufa.

Mwenye gunia alete gunia, mwenye kilo alete kilo. Pesa, franka au dola, apewe mweka hazina baada ya misa, naye atawaandikia risiti. Mwisho ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Boti inaondoka kesho yake asubuhi.