Rekoda ya traki nane inayorekodi mbili: nataka nibadilishiwe

Kwa meneja wa mauzo,

Salamu. Naandika kuhusu ile rekoda niliyonunua dukani kwenu hapa Mombasa mwezi uliopita, picha ya risiti nimeiambatanisha. Nimepiga simu, nimetuma meseji, kila mara naambiwa "tutakupigia" na hakuna anayepiga, basi sasa yasomeni kwa maandishi.

Sisi ni kikundi cha taarab huku Majengo, mazoezi twafanyia kwangu, na tulitaka kujirekodi wenyewe tuachane na studio za kulipia kwa saa. Kijana wenu wa kaunta nilimweleza vizuri tu, nikamwambia mwanangu sisi twapiga pamoja, kuna udi, fidla, tashkota, kibodi, dumbak na muimbaji, na nataka kila mmoja awe na traki yake, yaani sauti yake irekodiwe mbali na za wenzake, tena kwa wakati mmoja, manake taarab ukimwambia mpiga dumbak aje kesho apige peke yake na hedifoni masikioni utamu wote umekwisha, muimbaji akivuta neno lazima wapigaji wamuone wamngojee. Akanijibu, "Hii ni traki nane ami, nyinyi mko sita, zabakia mbili za akiba." Mbele ya mashahidi wawili.

Kufika nyumbani, nyuma ya mashine kuna matundu mawili ya maiki. Mawili! Kumbe hizo nane ni za kujaza pole pole, warekodi mbili, kisha mbili juu yake, kisha mbili, mpaka zijae ndo uzisikize zote kwa pamoja. Kwa mtu wa gita anayejirekodi mwenyewe chumbani ni mashine nzuri na sina ubaya nayo, hata ile Portastudio ya TEAC ya 1979 ilikuwa na traki nne tu tena kwenye kaseti na watu wakatoa nyimbo nayo. Lakini mie sikuomba hiyo. Na kiwanda hakikuficha kitu, kwenye manyuali imeandikwa wazi kurekodi kwa pamoja 2, kuchezesha 8. Tangazo lenu ndilo limeandika "traki 8" likanyamaza.

Halafu ile maiki. Kijana huyo huyo akaniuzia maiki ya kondensa akisema zaenda pamoja na rekoda. Kondensa yataka volti 48 za fantom, yaani umeme wa kuiwasha maiki utokao kwenye mashine, zipite kwenye waya, na hii mashine haina fantom, nimetafuta swichi kila upande. Nikabadilisha waya, kimya. Nilipopiga simu kwenu mtu akaniambia niongeze volyum. Volyum ya nini na maiki yenyewe haina moto?

Jibu la mwisho nililopata ni kwamba boksi limefunguliwa kwa hivyo mali hairudi. Sasa maiki nitajuaje haiongei bila kuitoa kwenye boksi? Katiba kifungu cha 46 champa mnunuzi haki ya kupewa maelezo ya kutosha kuhusu bidhaa, na mie maelezo niliyauliza kwa mdomo wangu nikapewa ya uongo.

Ninachotaka ni mashine inayopokea nane kwa mpigo, kama Zoom R16 au Tascam DP-24SD, zote mbili zaweza. Mie ningechukua hiyo R16, kwanza ina fantom kwenye matundu mawili, pili yaenda hata kwa betri sita ndogo na stima ya huku kwetu mwaijua. Ikiwa bei imezidi nitaongeza tofauti, sina neno. Kama hamna, nirudishieni pesa zote, rekoda na maiki, kwa M-Pesa namba ile ile niliyolipia. Na lile tangazo lirekebishwe, andikeni zarekodi ngapi kwa pamoja, kuna kijana wa Kisauni wa bendi ya kanisa ameniuliza kuhusu mashine hiyo hiyo wiki hii na nimemwambia asubiri kwanza.

Mashine iko ndani ya boksi lake na chaja na manyuali, haina hata mkwaruzo. Kadi ya kuhifadhia sauti nimeitoa, ni yangu. Mkituma mtu wa boda kuichukua aje baada ya alasiri, na aje na karatasi iliyopigwa muhuri wenu kwamba ameipokea, bila hiyo siitoi.

Mteja wenu,
Majengo, Mombasa